Kama chipu za FPGA hupekua hifadhidata za protini kwa kasi kubwa hivyo, mbona maabara nyingi hazizitumii?

#1 Kokotoa (mleta mada)

Habari wakuu. Ninaandaa mpango wa kupekua hifadhidata za protini kwa wingi, na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma kuhusu maunzi yanayopangika upya, yaani zile chipu za FPGA ambazo saketi zake hupangwa na mtumiaji baada ya chipu kutoka kiwandani. Kinachonishangaza ni kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakionyesha kuwa chipu hizi hulinganisha mifuatano ya kibiolojia kwa kasi mara mamia kuliko kompyuta ya kawaida, na hata hivyo kila maabara ninayoifahamu inatumia BLAST, programu ya kawaida ya kupekua mifuatano, kwenye seva isiyo na lolote la ajabu. Ama namba hizo zina kasoro, ama kuna gharama ambayo waandishi hawaisemi, ama sisi watumiaji tumelala. Naomba aliyewahi kuishika bodi kwa mikono yake anieleweshe.

#2 Mzee wa Saketi

Kabla ya kumlaumu yeyote, tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Algoriti ya Smith-Waterman hujaza jedwali ambalo upande mmoja una herufi za protini unayoitafutia (kila herufi ni asidi amino moja) na upande wa pili una herufi za protini iliyomo katika hifadhidata, na kila seli hupata alama zake kwa kutazama majirani watatu tu: wa juu, wa kushoto na wa mshazari. Seli zilizo kwenye mshazari mmoja unaopanda hazitegemeani, kwa hiyo zote zinaweza kukokotolewa kwa wakati mmoja. Kwenye FPGA unatandaza vitengo vidogo mia mbili kwa mstari, kila kimoja kikiwa kimeshika herufi moja ya protini yako, kisha unazipitisha herufi za hifadhidata kutoka kitengo hadi kitengo, hatua moja kwa kila pigo la saa. H. T. Kung na Charles Leiserson walipozieleza safu za namna hii mwishoni mwa miaka ya 1970 waliziita za sistoli, kwa mfano wa moyo unaosukuma damu.

Sasa tupige hesabu. Vitengo 200 vikienda kwa megahezi 200 vinakamilisha seli bilioni 40 kwa sekunde. Hifadhidata ya protini ya Swiss-Prot ina maingizo zaidi ya 570,000, yaani asidi amino zipatazo milioni 200, hivyo protini ya asidi amino 400 inadai seli bilioni 80. Hizo ni sekunde 2. Msimbo unaokokotoa seli moja baada ya nyingine, tuseme milioni 200 kwa sekunde, utahitaji sekunde 400. Hapo ndipo "mara mia mbili" inapotoka, na si uongo.

#3 Tarakimu

Si uongo, Mzee, lakini ni mbio za farasi dhidi ya mtu aliyefungwa miguu. Hakuna anayejali kasi ambaye bado anakokotoa seli moja moja. Mwaka 2007 Michael Farrar alionyesha jinsi ya kuipanga protini unayoitafutia kwa mistari ndani ya rejista pana za kichakataji cha kawaida, ili agizo moja lihudumie seli nyingi, na mwaka 2011 Torbjørn Rognes alitoa programu ya SWIPE, ambayo hulinganisha protini yako na protini 16 za hifadhidata kwa pamoja. SWIPE ilifikisha seli bilioni 106 kwa sekunde kwenye kompyuta yenye vichakataji viwili vya Xeon vya viini sita kila kimoja. Linganisha hizo na bilioni 40 za safu yako. Jibu langu kwa mleta mada ni fupi: namba zile zilipimwa dhidi ya mpinzani dhaifu.

#4 Mvumilivu

Naomba tusisahau historia, kwa sababu wakati kazi hii inaanza mpinzani huyo dhaifu ndiye aliyekuwepo. Algoriti yenyewe ni ya mwaka 1970, Xilinx ilianzishwa 1984 na kutoa chipu yake ya kwanza, XC2064 yenye vitengo 64 vya mantiki, mwaka 1985. Haikupita miaka mingi kituo cha utafiti wa kompyuta kuu kilichokuwa Bowie, Maryland, kikaunganisha chipu 32 za XC3090 katika safu moja iliyoitwa Splash, kisha ikafuata Splash 2 iliyotumia XC4010. Wakati huo rejista pana za aina anayoisifu Tarakimu hazikuwapo katika kompyuta za mezani. Watu wale hawakudanganya. Walipimana na kilichokuwapo.

#5 Dada Protini

Mvumilivu, marekebisho mawili kwa heshima. La kwanza, mwaka 1970 ni wa Needleman na Wunsch, ambao hulinganisha mifuatano yote miwili kutoka mwanzo hadi mwisho. Smith na Waterman ni 1981, nao hutafuta kipande kinachofanana zaidi popote kilipo, na Gotoh alirahisisha kukokotoa adhabu ya mapengo, yaani alama zinazokatwa pale upande mmoja unapokosa herufi, mwaka 1982. La pili, kazi iliyoipatia Splash umaarufu ilikuwa ya DNA, yenye herufi nne. Protini ina asidi amino 20, na kubadilika kwa leusini kuwa isoleusini si kosa la uzito sawa na kubadilika kwa leusini kuwa aspatati, kwa hiyo kila kitengo lazima kiwe na kumbukumbu yake ndogo inayobeba safu ya BLOSUM62, jedwali la alama za kubadilishana asidi amino, inayohusu herufi yake. Kumbukumbu hizo zinakula nafasi kwenye chipu, na nafasi hiyo ndiyo ingekuwa vitengo zaidi.

Hata hivyo sidhani kama Tarakimu ameligusa jambo lenyewe. Mimi ni mtumiaji. Sikuacha kununua bodi kwa sababu ya SWIPE, maana wenzangu wengi hata hawajaisikia SWIPE. Niliacha kwa sababu BLAST ya mwaka 1990 ilitufundisha kwamba hatuhitaji kujaza jedwali lote. Inatafuta maneno ya herufi tatu yanayokaribiana, na toleo la 1997 linataka maneno mawili kama hayo yawe karibu kwenye mshazari mmoja kabla halijahangaika kuendeleza ulinganisho. Sehemu kubwa ya seli zenu bilioni 80 ni jangwa, na nyinyi mnajivunia kasi ya kulivuka jangwa.

#6 Mzee wa Saketi

Dada, katika jangwa hilo ndimo walimo ndugu wa mbali wa protini yako, wale wanaofanana nayo kwa asidi amino moja kati ya tano na wasio na maneno mawili ya kushikia. Anayeruka jangwa anawaruka na wao. Mnamo 1983 Russell Doolittle na wenzake waliona kwamba jeni ya saratani ya virusi, v-sis, inafanana na kichocheo cha ukuaji kinachotoka kwenye chembe sahani za damu. Ugunduzi wa namna hiyo ndiyo sababu ya kupekua kwa ukamilifu.

#7 Dada Protini

Mfano huo unakugeuka, Mzee. Ufanano wa v-sis na kichocheo kile ulikuwa wa wazi mno, programu yoyote ingeuona, na wakati huo BLAST ilikuwa bado miaka saba kabla ya kuzaliwa. Unachothibitisha ni faida ya kuwa na hifadhidata, maana Doolittle alikuwa amejikusanyia ya kwake. Kuhusu ndugu wa mbali kweli, ulinganisho wa protini moja na moja, hata uwe kamili namna gani, hupitwa na mbinu zinazotumia wasifu wa familia nzima, kama PSI-BLAST na HMMER. Ukamilifu wa hesabu hauongezi habari ambayo mfuatano mmoja haunayo.

#8 Pigo la Saa

Nimewahi kuijenga, hivyo niseme kilichonipata. Ili niingize vitengo vingi kwenye bodi ndogo, niliamua alama za kila seli zihifadhiwe kwa biti 10 badala ya 16. Majaribio yangu yote yalikuwa ya peptidi fupi na yalipita. Siku ya kuonyesha kazi, nikaweka protini ya asidi amino 400 ambayo nilijua fika kwamba imo katika hifadhidata, ili kila mtu aione ikijitokeza namba moja. Haikuonekana hata katika mia za kwanza. Alama zake zilikuwa zimepita 2,000, biti 10 zinaishia 1,023, kwa hiyo hesabu ilizunguka na kuanza upya, mwishowe ikabaki na alama chache kuliko protini zisizohusiana nayo kabisa. Ilijitafuta ikajikosa.

Nilirekebisha kwa kuongeza biti, nikapoteza karibu robo ya vitengo. Wakati nikifanya hivyo, mwenzangu aliyekuwa akitumia kichakataji cha kawaida alibadilisha neno moja katika msimbo wake na akaendelea na kazi. Mimi nilisubiri saa nyingi kwa kila mkusanyo mpya wa saketi, na ukikosea alama moja unarudi mwanzo. Kwa mtazamo wangu jibu la swali la mleta mada ni hilo, mengine ni mapambo.

#9 Mfumbuzi

"Ilijitafuta ikajikosa" naomba iandikwe juu ya lango la kila maabara.

Lakini Pigo la Saa, kuzunguka kwa hesabu si dhambi kwa kila hali. Katikati ya miaka ya 1980 Lipton na Lopresti walitengeneza chipu ya safu ya sistoli ya kulinganisha DNA, na walitumia mzunguko huo kwa makusudi. Walipohesabu idadi ya mabadiliko yanayohitajika kugeuza mfuatano mmoja kuwa mwingine, waliona kwamba seli jirani hutofautiana kwa kiasi kidogo kinachojulikana, kwa hiyo kila kitengo kilibeba biti mbili tu, na kihesabio kimoja mwishoni mwa safu kilirejesha namba kamili kwa kufuatilia kupanda na kushuka. Kwa protini ujanja huo haufui dafu, kwa sababu Smith-Waterman hulinganisha kila seli na sifuri, na huwezi kujua kama umeshuka chini ya sifuri iwapo hujui ulipo.

#10 Mvumilivu

Nimekubali marekebisho ya #5. Nina swali: hata biti 16 zinatosha? Hifadhidata ina titini ya binadamu, yenye asidi amino 34,350. Protini kama hiyo ikipita kwenye safu si italipua kila kihesabio?

#11 Pigo la Saa

Hapana, maana alama haziwezi kuzidi kile ambacho mfuatano mfupi kati ya hiyo miwili unaweza kutoa. Katika BLOSUM62 alama kubwa kuliko zote ni 11, ya triptofani kwa triptofani, kwa hiyo protini ya asidi amino 400 haitavuka 4,400 hata ikutane na nini. Titini kwenye hifadhidata haina madhara. Titini kama swali, ikikutana na nafsi yake, ndiyo inayovuka biti 16 kwa mbali. Tena hapo utakuwa na tatizo jingine: herufi 34,350 hazienei kwenye vitengo 200, itakubidi upitishe hifadhidata nzima mara 172 huku ukihifadhi pembeni matokeo ya ukingo wa kila awamu.

#12 Tarakimu

Na tatizo hilo lina kinyume chake ambacho wapenzi wa FPGA hukipitia kimyakimya. Ukijenga safu ya vitengo 2,000 kwenye chipu kubwa ya kisasa, protini ya asidi amino 300 itatumia vitengo 300 na 1,700 vitakaa bure. Kasi inayoandikwa kwenye jedwali la makala hupatikana kwa protini ndefu iliyochaguliwa ikaenea sawasawa kwenye safu. Protini za kawaida hazijui urefu wa safu yako.

#13 Mzee wa Saketi

Hilo si la kupitiwa kimya, lina dawa. Unagawa vitengo 2,000 kuwa safu tano za 400, kila safu inalishwa protini tofauti za hifadhidata, na zote zina swali lilelile. Herufi moja kwa baiti, safu tano, megahezi 200: hiyo ni gigabaiti moja kwa sekunde, ambayo kumbukumbu ya bodi yoyote ya leo inaimudu. Wala hupotezi muda kusubiri safu ijae na kumwagika kati ya protini na protini, kwa kuwa ya pili inaingia nyuma ya ya kwanza ikitanguliwa na alama ya mpaka inayofuta hesabu za zamani.

Kinachobana hasa ni kitanzi cha adhabu ya pengo. Ndani ya kitengo, alama za pigo hili zinahitaji matokeo ya pigo lililotangulia, na njiani kuna kutoa, kulinganisha, kisha kulinganisha tena. Huwezi kuikata njia hiyo vipande kwa sababu pigo linalofuata linasubiri jibu. Baadhi yetu husuka protini mbili za hifadhidata katika safu moja, herufi ya hii kisha herufi ya ile, ili kila moja ipate mapigo mawili ya kukamilisha kitanzi na saa iweze kuongezwa kasi.

#14 Dada Protini

Mzee, kila tatizo unalo jibu, na kila jibu linahitaji Mzee mmoja kwa kila maabara.

#15 Mzee wa Saketi

Sikatai. Ninakodishika.

#16 Mfumbuzi

Nitoe maelezo ya nne, ambayo si ya kasi wala ya ugumu. Saketi inagandisha algoriti ya siku ile. Waliojenga FPGA za kuharakisha BLAST, kwa mfano mradi wa Mercury wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliharakisha hatua zake kwa ustadi mkubwa. Kisha uwanja ukahama: mwaka 2015 programu ya DIAMOND ilitangazwa kuwa na kasi hadi mara 20,000 ya BLASTX kwa vipande vifupi vya DNA vinavyolinganishwa na hifadhidata za protini, na mwaka 2017 ikaja MMseqs2, zote zikitumia vichakataji vya kawaida na faharasa zilizopangwa kwa akili zaidi. Msimbo wa programu unahama kwa siku moja. Saketi inahama kwa mwaka, na ikifika inakuta watu wameshahama tena.

#17 Tarakimu

Ninaunga mkono, ila kuna kejeli moja. Foldseek, inayotafuta protini kwa maumbo badala ya mifuatano, hugeuza umbo kuwa maandishi yenye alfabeti ya herufi 20, halafu mwishoni hulinganisha maandishi hayo kwa Smith-Waterman ileile. Kwa hiyo safu ya Mzee ingeifanya kazi hiyo kwa kubadilisha tu jedwali la alama kwenye zile kumbukumbu ndogo alizozitaja Dada katika #5. Na NVIDIA ilipotangaza chipu ya H100 mwaka 2022, iliiwekea maagizo maalumu yaitwayo DPX kwa ajili ya hesabu za aina hii, na Smith-Waterman ilikuwa mfano wao. Algoriti ambayo Dada anasema inavuka jangwa, watu bado wanaichongea silikoni.

#18 Dada Protini

Wanaichonga mwishoni mwa mchujo, Tarakimu. Maneno yako mwenyewe: "mwishoni". Jangwa limeshaondolewa.

#19 Kokotoa (mleta mada)

Ahsanteni. Nimefanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kuanzisha uzi huu: nimepima mfumo wangu wa sasa, ambao unatumia ulinganisho kamili. Takriban theluthi mbili za muda zinakwenda kwenye kujaza majedwali, na theluthi moja inakwenda kwenye kusoma maandishi ya hifadhidata, kupanga matokeo na kurudia ulinganisho wa zile protini chache zilizoshinda ili kupata nafasi za mapengo. Nikitumia kanuni ya Amdahl, kwamba kasi ya jumla hubanwa na sehemu isiyoharakishwa, hata FPGA ingemaliza majedwali kwa muda wa sifuri, mimi ningepata kasi mara 3 tu. Nadhani hilo linanitosha kuachana na bodi.

#20 Pigo la Saa

Kabla hujaachana nayo, hebu nijibu: hifadhidata unaisoma kila mara kutoka faili la maandishi? Kama ndivyo, igeuze mara moja iwe ya namba, herufi moja kwa baiti, na uiache ikae kwenye kumbukumbu kati ya swali na swali. BLAST yenyewe huandaa hifadhidata kwa namna hiyo kabla ya kuanza kupekua. Sehemu kubwa ya ile theluthi moja itayeyuka jioni moja, bila maunzi yoyote.

#21 Tarakimu

Na ukishaiyeyusha, weka SWIPE mahali pa msimbo wako, halafu upime tena.

#22 Mzee wa Saketi

Angalieni mnachomfanyia. Mkiiondoa ile theluthi, majedwali yanakuwa karibu muda wote wa kazi, na kikomo cha Amdahl kinaruka kutoka mara 3 hadi mara makumi. Pigo la Saa ameizika hoja ya mleta mada, na papo hapo ameifufua yangu.

#23 Kokotoa (mleta mada)

Nimegeuza hifadhidata usiku wa jana. Mzee yuko sahihi kuhusu uwiano: kujaza majedwali sasa kunachukua karibu muda wote. Tarakimu naye yuko sahihi, maana SWIPE inamaliza orodha yangu yote kabla sijarudi kwenye kiti. Nimebaki na swali la Dada, kama nilihitaji kuyajaza majedwali yale tangu mwanzo, na hilo sijui nilipime kwa saa ipi.